Mashamba Yaliyopimwa Kibarazani

Jumatatu asubuhi doa jekundu lilitokea kwenye kompyuta ya chama cha ushirika, na kabla ya saa tatu kila mtu pale ofisini alikuwa ameshalichungulia isipokuwa mtu mmoja. Huyo alikuwa nje, anakaza mnyororo wa pikipiki. Walipomwita akaja huku akifuta grisi kwenye suruali, akasimama nyuma ya kiti cha Meneja, akatazama.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Wakulima walimwita Kiguu-na-njia, kisha wakaona refu, akawa Kiguu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutembea. Chama kilikuwa cha wakulima wa kahawa, na wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wametoa sharti jipya: hawachukui tena kahawa iliyopandwa mahali palipokatwa msitu. Ilibidi basi kila shamba lizungukwe kwa miguu, mpimaji akiwa na simu mkononi, akibonyeza kila penye kona, hadi mstari urudi ulipoanzia. Mistari yote ilihifadhiwa kwenye kompyuta. Huko juu setelaiti zilipita kila baada ya siku chache zikipiga picha, na popote miti ilipotoweka doa jekundu lilijitokeza. Likiangukia nje ya mashamba, ofisi ya misitu ilipewa taarifa, yakaisha. Likiangukia ndani ya mstari wa shamba la mtu, mtu huyo alikuwa na kesi ya kujibu.

Hili liliangukia ndani ya shamba namba mia mbili na kumi na mbili.

"La Mama Posta," alisema Meneja. "Mwenyewe siamini. Lakini picha haina undugu na mtu."

Meneja alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka, aliyezoea kunywa chai amesimama. Akamweleza Kiguu kwamba ameshaamuru magunia kumi na manne ya Mama Posta yatengwe kwenye kona ya ghala, yazungushiwe kamba. Mkaguzi wa wanunuzi angefika Alhamisi. Kiguu aende leo hii, apige picha, arudi na jibu moja: pamekatwa au hapajakatwa.

Kiguu akasema sawa. Akatoka, akarudi kuchukua kofia ya pikipiki. Akatoka tena, akarudi kuchukua ufunguo. Karani akamtania kwamba akirudi mara ya tatu watamtoza kodi ya mlango. Hakucheka.

Kilichomtia kiwewe hakikuwa doa. Kilikuwa mstari. Aliuona wazi ukiteremka kutoka barabarani, ukivuka kijito, ukipanda upande wa pili hadi kwenye mwamba. Na alijua, kama mtu anavyojua kidonda kilicho chini ya nguo yake, kwamba hajawahi kukanyaga pale.

Mwaka uliopita, msimu wa masika, bonde la juu lilikuwa ndilo limebaki. Mashamba ishirini na matatu, siku tatu, na mvua isiyojua kupumzika. Siku ya kwanza aliteleza mara nne kabla ya saa nne, akakimbilia kujikinga kwenye kibaraza cha duka la shemeji yake, kaka mkubwa wa mke wake, aliyeuza pembejeo na misumari mdomoni mwa bonde. Shemeji akamletea kiti. Akamwambia mashamba yote yale anayajua kama kiganja chake, kwani ndiye anayewauzia mbolea. Kwa nini mtu ajitafutie nimonia kwa ajili ya mistari? Simu ilikuwa na njia ya kuchora kwa kidole juu ya picha, iliyowekwa ili mtu arekebishe kona iliyokosewa. Kiguu alichora mashamba mawili, akajiambia atakuja kuyazunguka jua likitoka. Halafu matano. Shemeji alikuwa anaelekeza kwa kalamu: hili linaanzia hapa, lile linakomea pale, hili la Mama Posta linavuka maji. Siku ya tatu jioni yote ishirini na matatu yalikuwa yamekwisha, na soksi zake zilikuwa kavu.

Jua lilitoka wiki iliyofuata. Hakurudi. Kwenye mkutano wa chama alipigiwa makofi kwa kumaliza kabla ya muda, naye akainuka akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeona haya kusifiwa.

Sasa, Jumatatu hii, safari ya dakika arobaini kwenda kwa Mama Posta aliifanya kwa saa nzima. Alisimama njiani mara mbili bila sababu, mara ya pili akakagua matairi yaliyokuwa mazima.

Alimkuta Mama Posta uani, ameinamia kitanda cha waya cha kuanikia kahawa, anachambua punje mbovu. Alikuwa amekaa miaka thelathini nyuma ya dirisha la posta kabla ya kustaafu na kununua shamba, na mpaka leo miwani yake ilining'inia kwenye kamba shingoni na maneno yake yalitoka moja moja, kana kwamba kila moja linagongwa muhuri. Habari za magunia zilikuwa zimeshamfikia. Alimkaribisha Kiguu kiti. Kiguu akashukuru, akabaki wima.

"Nimeambiwa nimekata msitu," alisema Mama Posta. "Nina nyonga mbovu. Hata kuni napasuliwa. Msitu niliukata na nini, na meno?"

Kiguu akaeleza habari za doa, na setelaiti, na kwamba ametumwa kuhakikisha. Alizungumza haraka na kwa kirefu. Mama Posta alimwacha amalize. Kisha akaingia ndani akichechemea, akatoka na daftari kubwa lenye jalada gumu. Alikuwa na mazoea, tangu enzi za posta, ya kuandika kila mgeni aliyefika kwake, siku gani na kwa shughuli gani. Akavaa miwani, akafunua, akaweka kidole.

"Mwezi wa nne, tarehe kumi na saba. Mpimaji, hakufika. Kumi na nane. Mpimaji, hakufika. Kumi na tisa. Mpimaji hakufika, mvua kubwa." Akafunga daftari. "Siku zote tatu nilichemsha chai. Sasa nauliza, hiyo namba mliyonipa mlipima shamba la nani?"

Kiguu alikuwa na uongo mzuri tayari mdomoni. Angeweza kusema alipita upande wa barabarani bila kubisha hodi. Angeweza kuitupia lawama simu, na nani angebishana na simu? Akamtazama yule mama aliyekuwa akimngoja kwa utulivu wa mtu aliyezoea kungojea wateja watafute vitambulisho vyao.

"Ni kweli, mama," akasema. "Sikufika."

Mama Posta akavua miwani, ikaanguka kifuani. Hakugomba. Aliingia jikoni, akatoka na fimbo yake na viatu vya mpira, akasema, "Basi leo utafika."

Walizunguka kwa saa mbili nzima, kwa sababu ya nyonga. Kiguu alitaka kukimbia, miguu ilikuwa inamwasha, lakini alilazimika kwenda mwendo wa fimbo. Akabonyeza kona ya kwanza kwenye nguzo ya barabarani, ya pili kwenye mtaro. Mibuni ya Mama Posta ilikuwa chini ya miti mikubwa, mingine minene kiasi kwamba watu wawili wasingeweza kuishika wakakutanisha mikono. Alieleza kwamba aliyemuuzia shamba alitaka kuipasua mbao kabla ya kuondoka, na yeye akakataa kusaini mpaka yule bwana aahidi mbele ya mashahidi kuiacha. Alisema hivyo bila majivuno, kama anayesoma risiti.

Walipofika kwenye kijito akasimama, akaisimika fimbo kwenye tope.

"Mimi ninaishia hapa. Maji ndiyo mpaka. Ng'ambo si kwangu, na sijawahi kudai kuwa ni kwangu."

Ng'ambo, kati ya miti, palikuwa na mwanga mwingi kupita kiasi.

Kiguu akavuka kwa mawe, akapanda. Alitokea mahali penye ukubwa wa uwanja wa mpira. Visiki vilikuwa vibichi, vingine vinavuja utomvu bado. Tanuri la mkaa lilikuwa linafuka pembeni. Katikati, mashimo yalikuwa yamechimbwa kwa kufuata kamba, safi, yamenyooka, na miche ya kahawa ilikuwa imepangwa kando katika viriba vyake vyeusi, ikingoja kupandwa. Kibarua mmoja wa makamo mwenye jembe alisimama, akajinyoosha mgongo, akatabasamu.

"Karibu, shemeji," akasema. "Bosi amekutuma?"

Kiguu akauliza bosi yupi. Yule kibarua akacheka, akidhani anataniwa, akasema bosi ni bosi, mwenye duka, kwani kuna mwingine? Akaongeza kwamba kazi inakwenda vizuri, wiki hii watapanda nusu.

Kiguu alipiga picha kumi na moja. 

Aliporudi, Mama Posta alikuwa ameketi juu ya jiwe ukingoni, amenyoosha mguu mbaya. Akamuuliza kule ni kwa nani. Kiguu akatazama maji, akajibu kwamba ni kwa shemeji yake.

Yule mama akafuta tope kwenye fimbo. "Pole," akasema. "Kweli, pole. Lakini magunia yangu yamefungwa kamba kwenye kona kama mwizi, na watu wanapita wanayatazama."

Shemeji alikuwa dukani, anapima misumari kwenye mizani, mwili mkubwa, kicheko kilichotangulia maneno. Kiguu alimheshimu kuliko alivyomheshimu mtu yeyote. Wazazi wao walipofariki, ndiye aliyemlea dada yake, mke wa Kiguu, tangu akiwa na miaka tisa, akamsuka nywele mwenyewe asubuhi kabla ya shule, mishono imepinda mpaka walimu wakacheka. Kazi ya upimaji nayo Kiguu aliipata kwa sababu shemeji alimsemea kwenye kamati. Mteja alipoondoka, Kiguu akaanza kuzunguka mle ndani, akagusa koleo, akarudisha, akagusa chupa za dawa. Kisha akasema alikotoka.

Shemeji hakuruka wala hakukana. Alifunga kimlango cha kaunta, akaegemea.

"Mwaka jana uliniambia shamba la Mama Posta linavuka kijito," alisema Kiguu.

"Nilikuambia ninachokijua. Miguu ulikuwa nayo wewe."

Kiguu akarudisha rafuni chupa aliyokuwa ameishika. Shemeji naye akapunguza sauti, akaanza kumweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Jambo lenyewe dogo, alisema. Mstari urudishwe kwenye maji, iandikwe kwamba simu ilikosea. Mama Posta atatoka kwenye kesi leo hii. Doa litabaki msituni, na msitu hauna namba kwenye orodha ya chama. Ofisi ya misitu itapata taarifa, itaiweka juu ya taarifa nyingine. Nani ameumia?

"Na miche ikizaa?" aliuliza Kiguu. "Utauza wapi?"

"Itachanganyika na ya shamba langu la zamani. Kahawa ina sura?" Shemeji akacheka, halafu kicheko kikaisha ghafla. "Nisikilize. Shamba langu la zamani limechoka. Mibuni imezeeka, hainipi nusu ya ilichokuwa inanipa. Ulitaka nihamie angani? Na ukinichongea mimi unajichongea mwenyewe. Uliketi kwenye kiti changu siku tatu."

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli wake ulimfuata Kiguu hadi nyumbani.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Alikuwa sebuleni, amezungukwa na sare za shule za rangi ya bluu, mguu wake unakwenda juu ya pedali. Kiguu akaketi, akainuka, akaenda kunywa maji, akarudi na bilauri tupu. Akaifungua redio, akaifunga. Mke wake akasimamisha cherehani, akamwambia kama ana mchwa kwenye suruali aseme. Ndipo akasema yote, tangu mvua na kibaraza hadi miche, na shauri alilopewa dukani. Alisema amesimama dirishani, ameupa mgongo uso wa mke wake, kwa kuwa ule uso ulifanana na wa kaka yake kwenye nyusi.

Mke akakunja na kukunjua ukosi wa shati.

"Na wale wengine ishirini na wawili?" akauliza mwisho. "Mstari wa Mama Posta umeusahihisha. Hao je? Kila doa likitokea utakuwa unaruka na pikipiki?"

Kiguu akasema hajui. Akamuuliza angekuwa yeye angefanya nini.

"Usiniulize mimi," alisema mke wake. "Ukiniuliza nitakujibu kama dada."

Akaanza tena kushona. Uzi ukakatika, akaufunga, ukakatika tena. Akazima taa ya cherehani, akaenda kulala na jua halijazama vizuri.

Jumanne Kiguu alikuwa mlangoni mwa ofisi kabla ya mfagizi. Meneja alipofika hakumpa nafasi ya kuweka mkoba chini. Alimwambia doa si la Mama Posta, akamwambia ni la nani, akamwonyesha picha. Meneja akashusha pumzi na kuanza kusema afadhali, simu hizi, na Kiguu akamkatiza.

"Simu haikukosea, Meneja. Sikwenda. Bonde lote la juu sikwenda."

Meneja akaweka mkoba chini polepole. Akauliza mangapi. Kiguu akasema ishirini na matatu, moja ameshalipima jana. Meneja akakaa kwenye kiti, jambo ambalo si kawaida yake, akatazama ukuta wenye kalenda. Alijua, na Kiguu alijua, maana yake. Kahawa ya bonde lile ilikuwa imeshapakiwa kwenye magunia, mistari yake imeshatumwa kwa wanunuzi, sahihi ya Meneja chini. Keshokutwa mkaguzi. Meneja angeweza kulifunika jambo hili kwa sentensi moja, na kwa muda kama wa kuhesabu hadi ishirini, Kiguu aliona sentensi hiyo ikipita usoni mwake.

"Ningekufukuza sasa hivi," alisema Meneja. "Ila nikikufukuza, nani atatembea?" Akafungua droo, akatoa simu ya pili ya kupimia. "Nitafutie viatu vya mpira. Mguu wangu namba sita."

Walitembea siku mbili. Waligawana bonde, Kiguu kulia, Meneja kushoto, na kila baada ya mashamba machache walipigiana kuulizana umefika wapi. Wakulima walishangaa kumwona Meneja amejaa tope hadi magotini akiulizia kona za mashamba yao. Wengine walidhani anagombea uongozi. Kiguu alikwenda mbio, akarudi nyuma kwa hofu kwamba ameruka kona, akaenda mbio tena. Mistari saba waliikuta imekosewa vibaya. Mmoja ulikuwa umekata nusu ya shamba la mtu. Mwingine ulikuwa umemeza vyoo vya shule ya msingi, na mwenye shamba alipoambiwa alisema sasa anaelewa kwa nini mwaka ule mbolea ilimtosha. Mahali pengine palipokatwa msitu hawakupakuta. Hadi Jumatano jua linazama walikuwa wamepima kumi na tisa. Matatu yalibaki.

Mkaguzi alifika Alhamisi saa nne. Alikuwa mwanamume mkimya mwenye shati jeupe. Meneja akamwekea mezani mistari ya zamani upande mmoja, mipya upande mwingine, na katikati karatasi ya maelezo aliyoiandika kwa mkono wake, bila kupaka rangi. Mkaguzi akasoma yote mara mbili. Kisha akamgeukia Kiguu, aliyekuwa amesimama karibu na mlango akibadilisha mguu.

"Uliandika uongo mwaka jana," alisema. "Kwa nini nikuamini leo?"

"Usiniamini," alijibu Kiguu. "Chagua shamba lolote, twende ukatembee mwenyewe."

Mkaguzi akachagua matano. Wakatembea hadi alasiri, na shati jeupe halikuwa jeupe tena. Mistari ikalingana. Lakini sheria ya wanunuzi haikuwa na huruma ya aina hiyo: kahawa yote ya bonde la juu ikasimamishwa hadi mpimaji kutoka nje ya chama ayapitie mashamba yote upya. Kazi hiyo ilichukua wiki tatu. Meli iliyokuwa inangojewa ikaondoka bila magunia yao, na wakulima ishirini na wawili ambao hawakukata hata tawi wakabaki wanangoja meli ya mwezi uliofuata.

Magunia ya Mama Posta peke yake yalifunguliwa kamba siku ileile, kwa kuwa mkaguzi alikuwa amelizunguka shamba lake kwa miguu yake na ndiyo pekee yaliyokuwa yametengwa na ya wenzake, na Mama Posta akamwandika kwenye daftari, saa ya kuingia na saa ya kutoka.

Kwenye mkutano wa chama Kiguu aliitwa mbele. Mara hii hapakuwa na makofi. Aliomba radhi kwa maneno machache. Mzee mmoja wa kamati akasema mla chuya hula kwa uvivu wa kuchagua, lakini huyu chuya zake amewalisha wenzake. Watu wakaguna. Mwanamke mmoja, ambaye alikuwa amepanga kuezeka upya nyumba yake kabla ya mvua, alimtazama tu, na hilo ndilo Kiguu alilobaki nalo. Shemeji hakuhudhuria. Kamati ilimfuta uanachama, ofisi ya misitu ikamfungulia kesi, na miche yote ikang'olewa. Ng'ambo ya kijito palibaki visiki na mashimo yaliyonyooka.

Kiguu alipomaliza kumwonyesha mpimaji mpya njia za bonde, Meneja alimwambia, wamesimama wote wawili, kwamba kazi yake imeishia hapo. Alimpa mkono. Akasema angependa kumwandikia barua nzuri ya utambulisho, lakini ataandika ya kweli, na Kiguu akasema hiyo itatosha.

Miezi miwili baadaye alipata kazi idara ya maji, kusoma mita nyumba kwa nyumba. Wenzake walikuwa na ufundi wao: mita ikiwa nyuma ya mbwa mkali, au chini ya mfuniko mzito, walikisia kwa kutazama mwezi uliopita. Kiguu hakuweza. Aliinama kwenye kila shimo, akafuta kioo kwa kidole, akasoma. Mara nyingine, akiwa amefika geti la tatu, wasiwasi ulimshika kuhusu geti la kwanza, akarudi kuhakikisha. Alikuwa wa mwisho kumaliza kila siku, na msimamizi wake hakupendezwa.

Nyumbani jina la shemeji halikutajwa. Mke wake alishona, alipika, alijibu alipoulizwa. Shemeji alikuwa amekuja mara moja tu, mwanzoni, akaketi sebuleni bila kugusa maji aliyowekewa, akamtazama dada yake, hakumtazama Kiguu, akaondoka.

Jumapili moja mke wake akavaa viatu vya kutokea, akasema anakwenda kwa kaka yake. Kiguu akajitolea kumpeleka na pikipiki hata nje ya duka tu. Akasema hapana, atafika mwenyewe.

Siku hiyo Kiguu hakutulia. Alifungua bomba la jikoni lisilokuwa na tatizo, akashindwa kulirudisha sawasawa, likaanza kuvuja. Alikwenda barabarani mara tatu kutazama. Mara ya tatu jirani akamuuliza kama anangoja mgeni, akasema ndiyo, kisha akasema hapana.

Mke wake alirudi saa kumi na moja. Akavua viatu mlangoni, akavipanga ukutani.

"Hajambo," akasema. "Amekonda." Akapita hadi kwenye cherehani, akaketi bila kuiwasha. "Ameniuliza kama unapata usingizi."

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia hupati."

Kiguu akangoja. Maji yalikuwa yanadondoka jikoni.

"Akasema na yeye hapati," alisema mke wake. Akavuta shati moja la shule kutoka kwenye rundo, akaligeuza ndani nje, akatafuta mshono. "Jumapili ijayo anasema uje. Hakusema kwa nini. Mimi sikumuuliza."

Kiguu akasema atakwenda. Halafu akabaki amesimama katikati ya chumba, na mke wake, bila kuinua macho, akamwambia akae.